Inchi 18.5 haitoshi: jibu kwa kijana anayechora bunduki ya kuwinda kule Alberta

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Mi ni fundi wa mashine za CNC (zile za kukata chuma zinazoongozwa na kompyuta), natokea Muheza ila sasa niko Alberta, Kanada, huu mwaka wa nne. Karakana yetu ni ndogo, tuko sita tu, na bosi anataka tutoe bunduki yetu wenyewe ya kuwinda na kulenga shabaha. Semi-otomatiki (inajipakia yenyewe, ila kila risasi unabonyeza triga) ya risasi za .308, mtutu inchi 18.5, kitako cha kukunja, magazini ya kuchomoa ya risasi 20 ambayo tutaipiga ribiti ibaki 5. Leseni ya biashara ya kutengeneza silaha anayo. Michoro kanipa mimi. Anasema hakuna shida kwa sababu hii sio AR-15, ile ndugu wa M16 ya jeshi. Ni kweli itaingia kundi lisilo na vizuizi?"

Marahaba mdogo wangu. Hapana, sio kweli, na afadhali nikwambie mapema kabla hamjanunua chuma. Kwa hayo maelezo yako bunduki inafia kwenye magazini kabla hata wakaguzi hawajafika kwenye mtutu, na ikifika kwenye mtutu inakufa mara ya pili. Mi kazi yangu huku kwa miaka mingi imekuwa kukagua michoro na vipimo vya watu kama nyie, kwa hiyo nisome taratibu, na usipende sana huo mchoro wa kwanza.

Kwanza uelewe wenzetu wanavyofikiri, maana sisi tumekuja na akili ya nyumbani. Kule kwetu ukienda kuomba kibali cha bunduki, maswali mengi ni juu yako wewe, we ni nani, unaishi wapi, una shamba, unaihitaji ya nini. Kanada nao wanakuuliza hayo, leseni ya mtu kumiliki bunduki, wanaiita PAL, haitoki bila kozi na kuchunguzwa, lakini baada ya hapo wanaigeukia bunduki yenyewe na kuihoji kama mchumba, urefu wako ngapi, unatumia risasi gani, ukoo wako upi, babu yako alikuwa jeshini? Majibu yake ndo yanaipeleka kwenye moja ya makundi matatu: isiyo na vizuizi, yenye vizuizi, na marufuku. Yote yanaanzia kifungu cha 84 cha Sheria ya Jinai yao, na vilivyobaki viko kwenye kanuni za SOR/98-462 ambazo zimerekebishwa mpaka zimechakaa.

Sasa magazini. Kuna kanuni ya zamani ambayo bosi wako anaikumbuka vizuri, kwamba bunduki ndefu ya semi-otomatiki inayopiga risasi za sentafaya (zile zenye kiwashio katikati ya kitako cha ganda, .308 ni mojawapo) magazini yake mwisho risasi 5, na watu walikuwa wanachukua magazini ya 20 au 30 wanaipiga ribiti inakuwa ya 5 na maisha yanaendelea. Hiyo kanuni bado ipo. Lakini tarehe 15 Desemba 2023 ilipita sheria ya C-21 na ikaongeza aina mpya ya bunduki marufuku, na maneno yake uyasome kama mkataba wa nyumba: sio bastola, inapiga sentafaya kwa semi-otomatiki, asili yake ilibuniwa na magazini ya kuchomoa yenye uwezo wa risasi 6 au zaidi, na imebuniwa na kutengenezwa siku hiyo au baada yake. Umeona neno "ilibuniwa"? Hawaulizi leo magazini inabeba ngapi, wanauliza ulipokuwa unachora ulikuwa na magazini gani kichwani. Nyie mmeanza na ya 20 alafu mkaiziba, kwa hiyo ribiti yenu haiokoi kitu, na tarehe nayo iko dhidi yenu kwa sababu bunduki ndo kwanza inazaliwa.

Najua utakalosema, basi tuchore magazini ya kuchomoa ya risasi 5 tangu mwanzo, haijawahi kuwa ya 6. Kwa kusoma maandishi tu, inapita. Lakini mi nisingeweka pesa ya karakana ya watu sita juu yake, maana siku mtu akija na magazini ndefu ya kampuni nyingine ikaingia kwenye hilo tundu lenu na ikafanya kazi, mtaanza kubishana na serikali kuhusu nia yenu mlipokuwa mnachora, na nia ni kitu kigumu kukithibitisha kwa kalipa, kile kifaa cha fundi cha kupimia. Magazini isiyochomoka ya risasi 5, iliyojengwa ndani ya bunduki, ni salama zaidi kidogo. Nimesema kidogo.

Twende kwenye mtutu, hapa nitakaa kwa sababu ndipo mafundi wazuri wanapoanguka. Semi-otomatiki ya sentafaya yenye mtutu chini ya milimita 470 inakuwa yenye vizuizi. Nyie mmeandika inchi 18.5 kwa sababu kila mtu huku anasema "kumi na nane na nusu", maduka yanasema hivo, wazee wa klabu za shabaha wanasema hivo. Chukua kalkuleta. 18.5 mara 25.4 ni 469.9. Umepungukiwa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi, na sheria haina neno "takriban". Hapo bado hujakata uzi, hujasafisha mdomo wa mtutu, hujaweka uvumilivu wa kipimo (lile kosa dogo linaloruhusiwa) wa mashine yako. Ndo maana bunduki za Tavor za Israel zilizokuwa zinaletwa soko la Kanada zilikuja na mtutu wa inchi 18.6, ambao ni milimita 472 na ushee. Hiyo pointi moja haikuwekwa kwa urembo.

Kuna jamaa aliniletea bunduki yake ya mfano, mtu makini kweli, kazi yake ukiipitisha kidole husikii kiungo. Kaniambia mtutu ni inchi 19 na nusu. Tukahakikisha iko tupu, tukaangalia mara mbili, bolti (kile chuma kinachoziba nyuma ya chemba, pale risasi inapokaa) ikafungwa, nikachukua ufito wa mbao mnyoofu nikaushusha kutoka mdomoni mpaka ukagusa uso wa bolti, nikaweka alama kwa kisu pale mtutu unapoishia, nikautoa nikaulaza kwenye rula ya chuma. 466. Jamaa akakaa kimya, akaomba nirudie. Nikarudia, 466. Alikuwa amepima pamoja na breki ya mdomo, kile kifaa cha kupunguza teke, na sheria inasema wazi kwamba urefu wa mtutu ni kutoka mdomoni mpaka mwisho wa chemba, na hauhesabu kifaa chochote cha kuficha mwali wala cha kupunguza teke. Kwa hiyo we kwenye mchoro andika 480, milimita, sio inchi, na futa inchi kabisa kwenye hilo faili. Milimita kumi za ziada kwenye .308 hakuna swala atakayezijua.

Kitako cha kukunja: kanuni ni kwamba kama bunduki inaweza kupigwa ikiwa imekunjwa, basi inapimwa ikiwa imekunjwa, na ikiwa chini ya milimita 660 inahamia kwenye vizuizi. Kwa mpangilio wa kawaida, mtutu 480 pamoja na risiva nyuma yake (kile kiunzi kinachobeba bolti na triga), mko juu ya 660 bila jasho, sina wasiwasi napo. Ila nimeona kwenye swali lako (nimekata sehemu hiyo) kwamba bosi alishawahi kufikiria muundo wa bulipapu, ule ambao magazini inakaa nyuma ya triga. Hapo kuna kichekesho cha sheria: bunduki iliyozaliwa bulipapu kiwandani yenyewe sio kosa, lakini kitako cha bulipapu kinachouzwa peke yake ili uvalishe bunduki nyingine ni kifaa marufuku. Mashine zenu zikikata hicho kitako kama kipande cha kuuza, mmetengeneza kitu marufuku hata kama hakuna bunduki ndani ya jengo. Kuna kingine kinachofanana na hicho: mtutu wa bunduki ndefu ukiukata kwa msumeno ukashuka chini ya 457, au bunduki nzima ikashuka chini ya 660, ni marufuku, lakini kiwanda kikitoa shotigani ya pampu tangu mwanzo na mtutu mfupi kuliko huo, na urefu wote umefika 660, inaweza kuwa haina vizuizi kabisa. Usitafute mantiki, we andika kwenye daftari.

Haya, sasa hilo la bosi, "sio AR-15". Hili ndo lililowaliza wengi. Kanuni zinataja bunduki kwa majina, alafu zinaongeza "na variant yoyote au toleo lake lililobadilishwa". Neno variant halijaelezwa maana yake popote kwenye sheria. Tarehe 1 Mei 2020 serikali ikatoa amri ikataja familia tisa na aina kama 1,500: AR-10, AR-15 na M16 wamewekwa kundi moja, kuna Ruger Mini-14, M14, Vz58, SIG MCX, Beretta Cx4 Storm na wenzao. Desemba 2024 zikaongezwa 324, Machi 2025 zingine 179. Pale Calgary, kwenye mkoa wako huohuo, kampuni ya Alberta Tactical Rifle Supply ilikuwa na bunduki inaitwa Modern Hunter, wameichora makusudi iwe ya wawindaji na iwe haina vizuizi, ikauzwa hivo kihalali. Mei 2020 ikahesabiwa kuwa ukoo wa AR-10. Hawakuwa wajinga wale, na hawakudanganya mtu. Watu walikwenda mahakamani juu ya amri ile, Mahakama ya Shirikisho ikawakatalia Oktoba 2023, rufaa nayo ikakataliwa Aprili 2025.

Kwa hiyo swali la kujiuliza sio "je ni AR-15?". Jiulize mkaguzi akiifungua mezani ataona viungo vya nani. Bolti inafanana na ya nani, risiva ya juu inaingiliana na ya nani, triga ya dukani ya AR inaingia? Kila kipande mnachoazima ili kuokoa gharama mnaazima na ukoo wake. Na risiva ya juu ya AR-10 na AR-15 tangu 2020 ni kifaa marufuku peke yake, hata ikiwa kwenye sanduku na haina mtutu, kwa hiyo lile wazo la "tutachukua risiva ya juu ya sokoni kwa ajili ya jaribio tu" lifute leo.

Alafu kuna suala la kinachowezekana. Kwenye kesi ya Hasselwander ya 1993, Mahakama ya Juu ilikuwa inaangalia Mini-Uzi iliyokuwa inapiga risasi moja moja, ikasema silaha inahesabiwa ya otomatiki (ukishikilia triga inamwaga risasi mfululizo) kama inaweza kugeuzwa kuwa hivo kwa urahisi na kwa muda mfupi. Mwaka 2014 polisi wa taifa wa Kanada, RCMP, wakasema baadhi ya CZ 858 zilikuwa na historia ya otomatiki, na Swiss Arms ni ukoo wa bunduki ya jeshi, usiku mmoja wenye nazo wakaamka na vitu marufuku walivyonunua dukani kwa risiti. Serikali ya wakati ule ikazirudisha 2015, iliyofuata ikapitisha sheria nyingine 2019 ikaziondoa tena. We mchoraji cha kuchukua hapo ni kwamba kama bunduki ni ya kujipakia yenyewe, hata ukipata uhalali leo unakuwa kama umepanga chumba, mwenye nyumba anaweza kuja mwisho wa mwezi.

Ningekuwa mimi kwenye kiti chako ningemwambia bosi aachane na semi-otomatiki. Bolti ya mkono, ile unayoivuta na kuisukuma mwenyewe kila baada ya risasi. Najua mnaona ni kurudi nyuma, lakini angalia inachowapa: kanuni ya 470 haiwahusu, ile aina mpya ya C-21 haiwahusu, kikomo cha risasi 5 hakiwahusu, kitako mnaweza kukunja mradi 660 imefika. Mnabaki na ubunifu wa kweli, sio ubunifu wa kukwepa. Mfano mzuri uko hukohuko Kanada, C-19 ya Canadian Rangers, wale walinzi wa kaskazini ambao wengi wao ni wenyeji wa asili. Walikuwa wanabeba Lee-Enfield tangu enzi za babu, zikabadilishwa kuanzia 2018 na hii, bolti ya mkono, .308, mtutu wa inchi 20, magazini ya kuchomoa ya risasi 10, imejengwa juu ya Tikka T3x ya Finland na kutengenezwa Colt Canada pale Kitchener kwa leseni. Ukiishika unaona mtu alifikiria nani ataitumia: ulinzi wa triga ni mpana kidole kiingie na glavu, kishikio cha bolti ni kikubwa, chuma hakishiki kutu, kitako cha mbao za kubandikwa chenye rangi nyekundu ili ikianguka kwenye theluji uione. Ilitakiwa ifanye kazi kwenye baridi ya -51. Hapo ndo pa kuonyesha ufundi wenu, maana huko kwenu Alberta Novemba mwindaji hana shida ya kupiga risasi ya pili haraka, ana shida ya mafuta kuganda ndani ya bolti na vidole ambavyo havisikii.

Kama bosi atang'ang'ania semi-otomatiki basi mwambie .22, ile ya rimfaya ambayo kiwashio kiko kwenye ukingo wa ganda. Kanuni ya 470 ni ya sentafaya tu, na ile ya magazini ya risasi 5 pia. Hata hapo kuna mtego: mwaka 2016 RCMP walisema magazini za Ruger 10/22 zinazozidi risasi 10 ni marufuku, kwa sababu magazini hizohizo zinaingia kwenye bastola ya kampuni ileile. Kwa hiyo msichore magazini inayokubali kuingia kwenye bastola ya mtu.

Kikomo cha nishati ya jouli 10,000 mdomoni na kipenyo cha milimita 20 navyo vipo tangu 2020, kwa .308 haviwahusu kabisa, ruka.

Sasa jambo la kwako wewe binafsi, sio la bosi. Huku risiva peke yake, hata haina mtutu, kisheria ni bunduki. Ukiwa unakata risiva ya majaribio na ikafika hatua ya kuitwa risiva, umeshatengeneza silaha, kwa hiyo hakikisha kazi hiyo iko chini ya leseni ya biashara, kwenye anwani iliyoandikwa kwenye leseni, na hivyo vyuma vilivyoharibika vinahesabiwa na kuandikwa, havitupwi tu kwenye pipa. Na C-21 ilileta kosa jipya la kumiliki au kusambaza data za kompyuta za silaha kwa lengo la kutengeneza bila idhini, iwe kwa printa ya 3D au kwa mashine ya kukata chuma kama yako, na adhabu inaweza kufika miaka 10. We kazini una kinga ya leseni ya mwajiri. Ukibeba faili nyumbani kwenye fleshi ili umalizie usiku, au ukamtumia rafiki wa Mississauga akuangalizie, kinga imebaki karakanani. Nimeona vijana wanaoringa na michoro yao kwenye simu wakiwa kwenye harusi, yaani mtu anakuonyesha bolti kati ya pilau na keki. Acha. Na hata mimi usinitumie faili, niandikie vipimo tu.

Mwisho wa safari ni FRT, ile jedwali ya RCMP ya kumbukumbu za silaha. Mnapeleka bunduki ya mfano ikaguliwe Ottawa, inapewa namba na kundi. Watu wanaichukulia kama hati ya kuzaliwa, ila kisheria ni maoni ya wataalamu wa polisi, mwenye neno la mwisho ni mahakama. Hata hivyo bila hiyo namba duka gani litakubali kuuza? Kwa hiyo pelekeni mfano mmoja na subirini jibu kabla hamjaagiza chuma cha bunduki mia. Kuna karakana nilifanya nayo kazi, siitaji, ilikata risiva 60 huku ikisubiri jibu, wakisema "ni suala la muda tu". Jibu lilirudi limewaweka kwenye vizuizi, na zile risiva 60 zikakaa kwenye kabati la chuma zinapigwa mafuta kila mwezi kama maiti ya mfalme.

Pamoja na mfano pelekeni historia ya mchoro, matoleo ya mwanzo yenye tarehe, yanayoonyesha kitu kilianza kama bolti ya mkono na sio semi-otomatiki iliyonyolewa. Ndo maana nakwambia anza faili jipya. Usifungue lile la zamani ukaliita toleo la pili, maana jina la toleo la kwanza litabaki humo ndani na magazini yake ya 20.

Kesho asubuhi usianze na C-21 kwa bosi, atakukatiza. Mpe kalkuleta, mwambie aandike 18.5 mara 25.4, alafu subiri aisome mwenyewe.